Kengele Kumi na Tisa za Mama Majoho

Kama hujawahi kuona mtu mwenye kiburi cha rula, basi hukumwona Karani Mistari. Wengine hujivunia gari, wengine watoto, wengine meno tu. Yeye alijivunia mstari ulionyooka. Alikuwa karani wa usharika kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akiandika neno bila kuweka rula chini yake, kama vile herufi zisipowekewa kizuizi zitadondoka sakafuni zivunjike.

Ofisi yake ilikuwa sakristia, kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Kabati la majoho lenye mlango usiofunga. Dirisha moja la nondo. Meza iliyotiwa gazeti lililokunjwa chini ya mguu mmoja ili isiyumbe. Na juu ya meza, vitabu viwili. Vishikeni vyote viwili kichwani, maana ndivyo vilivyommaliza mtu huku bado anapumua.

Cha kwanza ni Kitabu cha Washarika, kikubwa kama mlango wa banda la kuku. Kila mtu ana mstari wake, na kila mstari una safu nane: jina, kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, ndoa, kutengwa, kurudishwa, kufa. Ndiyo hayo tu. Ujidai usijidai, maisha yako yanaenea kwenye upana wa mikono miwili, na bado inabaki nafasi ya kupumzisha kiwiko. Cha pili ni Kitabu cha Ibada, chembamba, cha jalada la kijani: kila Jumapili na jina lake katika mwaka wa kanisa, somo lililohubiriwa, na idadi ya waliohudhuria. Vichwa alivihesabu mwenyewe wakati wa wimbo wa pili, amesimama mlangoni mwa sakristia, vidole vikicheza mfukoni watu wasimwone. Mtoto wa kubebwa hakumhesabu mpaka aachishwe ziwa. Alipoulizwa kwa nini, alijibu, "Huyo bado ni sehemu ya mama yake." Na aliamini.

Sasa historia kidogo, maana nisipoisema mtanikatiza katikati. Zamani huko ng'ambo mtawa mmoja aligombana na wakubwa wake kuhusu neema ya Mungu, akaandika hoja tisini na tano. Tisini na tano! Mimi mke wangu akifika hoja ya tatu naanza kutafuta viatu. Kutokana na ugomvi huo likazaliwa kanisa, na wajukuu wa wajukuu wa kanisa hilo wakapanda meli wakaja huku, nao walifika wakiwa wamekwisha gawanyika. Palikuwa na wamisionari wa kitabu, waliotaka mtu aijue Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha maswali na majibu ya imani, yote kwa moyo kabla hajaguswa na maji. Palikuwa na wamisionari wa machozi, waliotaka mtu alie kwanza, kitabu kitafuata. Walijenga kanisa moja, wakatundika kengele moja, wakala meza moja, wala hawakupatana hata siku moja. Walipoondoka walituachia kanisa, kengele na ugomvi.

Ugomvi ukawa unalala na kuamka. Uliamka wakati bibi zetu wakiwa wasichana, wanawake wakatubu kwa sauti katikati ya ibada, wazee wa baraza wakaziba masikio, lakini hakuna aliyetoka. Ule uliitwa uamsho, ukapoa, ukabaki katika nyimbo. Ulipoamka mara ya pili, ndani ya miaka ya juzijuzi, ulikuwa na vipaza sauti. Huo ndio uliotoka nje na kubamiza mlango.

Lakini kwanza kengele. Wamisionari wa kitabu waliacha utaratibu mmoja ambao hata wa machozi waliupenda. Msharika akifa, kengele inalia mara moja kwa kila mwaka aliouishi. Polepole. Fundi viatu anaacha nyundo hewani, mwenye duka anaacha mizani, mtaa mzima unahesabu. Ikifika themanini watu wanatikisa kichwa kwa heshima. Ikikomea tano, wanawake wanaingia ndani.

Mistari alijifunza kuhesabu kwa kengele hiyo. Alikuwa na miaka minne mama yake alipokufa, na dada yake, aliyekuwa na kumi na mitatu, alimkalisha mapajani akamshikisha vifungo vya gauni lake. "Ng'o. Moja. Ng'o. Mbili. Sema na wewe." Vifungo vikaisha, wakarudi kuanzia juu. Kengele ilikomea thelathini na tatu. Mama akazikwa nyuma ya kanisa, chini ya ukuta, na kando yake ikabaki nafasi ya mtu mmoja, ambayo dada aliipima kwa hatua zake siku ileile, akasema, "Hapa ni pangu."

Dada huyo ndiye aliyemlea. Alimpikia, akamchapa, akamfundisha kusoma kwa kidole juu ya Katekisimo Ndogo, "Maana yake nini? Maana yake nini?" mpaka mtoto akawa anaota maswali. Alipokua akawa fundi cherehani, na kwa sababu aliwashonea wachungaji watano mfululizo, watu walimwita Mama Majoho. Vitambaa vya madhabahu vilikuwa vyake pia: cha zambarau cha kungojea, cheupe cha furaha, cha kijani cha Jumapili zile ndefu zisizoisha, na chekundu cha Sikukuu ya Matengenezo, ambacho alikipenda kuliko vyote kwa sababu kilimla wiki sita na kikamharibia macho.

Alikuwa na mtoto mmoja, dereva wa lori. Lori likapinduka. Mchungaji wa wakati huo, marehemu sasa, alisoma maneno yote ya maziko bila kuruka hata nukta, akafunga kitabu, akampa mkono, akaenda zake. Hakukosea kitu. Ni hapo penye shida: hakukosea kitu. Mama Majoho alirudi nyumbani akakaa mbele ya cherehani, akikanyaga pedali bila kitambaa.

Wa vipaza sauti wakaja. Kiongozi wao alikuwa mwinjilisti aliyekosana na baraza, jina lake la mtaani Spika. Walikaa naye sakafuni siku tisa. Walilia naye. Mmoja aliosha vyombo. Siku ya kumi akaenda kwao, na baada ya miezi miwili akazamishwa kwenye tangi la maji nyuma ya ghala lao la ibada, ubatizo wa pili, mzima mzima, mzee wa miaka sitini na minane. Alipotoka tangini alicheka mpaka akakabwa na kikohozi.

Kwa kanisa la zamani huwezi kubatizwa mara mbili. Kufanya hivyo ni kusema mara ya kwanza Mungu hakuwepo. Katiba haina mchezo: safu ya sita, kutengwa, na aliyetengwa hapigiwi kengele wala hazikwi nyuma ya kanisa.

Alipopeleka majoho yaliyofuliwa, alimkuta mdogo wake na kitabu wazi na rula mkononi.

"Ndiyo unaniandika?"

"Dada, bado una wiki moja ya kutubu. Ukienda kwa mchungaji ukasema ulipitiwa..."

"Sikupitiwa."

"Basi nitaandikaje?"

"Andika vizuri. Usikwaruze karatasi." Akayatundika majoho moja moja, akanyoosha mabega yake. "We mtoto, ile 'k' yako bado ina mguu mfupi. Nilikuchapa kwa ajili hiyo hiyo k."

Akaandika. Tarehe, na neno moja: ubatizo. Alijiambia ni mwezi mmoja tu, atarudi, atasimama mbele ya usharika, atapigiwa wimbo, na yeye ataijaza safu ya saba kwa wino uleule. Aliacha kalamu hiyo kando, asiitumie kwa jambo jingine. Kalamu ilikaa ikakauka.

Mwaka uliofuata mambo yakaharibika vizuri. Watu wa Spika wakasema wao ndio wengi, kwa hiyo jengo ni lao na kengele ni yao. Wakaenda mahakamani. Mahakama ikaweka mnyororo getini kwa wiki saba mpaka isikilize pande zote. Jumapili washarika walisimama nje ya geti wakaimba zaburi chini ya miavuli, na Mistari aliandika katika kile kitabu chembamba: *Hakuna ibada. Mnyororo. Waliohudhuria: 0.* Wakamlalamikia, karani, si tulikuwa watu arobaini pale! Akawajibu, "Nje si ndani." Sifuri saba, kila moja ya mviringo mzuri.

Mnyororo ulipotolewa, Spika akashindwa kesi, akarudi ghalani na watu wake.

Miongoni mwa waliomfuata alikuwa kaka mkubwa wa mwenyekiti wa baraza la wazee. Mwenyekiti huyu ni seremala, Patasi kwa jina la kazi, mtu mnene wa maneno machache. Kaka yake alikufa ghafla, safu ya sita ya jina lake ikiwa imejazwa na ya saba tupu. Patasi alikuja sakristia na kofia mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Karani, ni kaka yangu."

"Najua, Mwenyekiti. Pole sana."

"Andika amerudishwa. Alikuwa anataka kurudi, alinitamkia mimi."

"Alitamka mbele ya usharika?"

"Alitamka mbele yangu, jikoni."

"Mwenyekiti, kitabu si changu."

Patasi akavaa kofia, akatoka. Kaka yake alizikwa makaburi ya manispaa, mbele ya machinjio, penye vijiti vya namba. Kengele haikulia. Mistari alijisikia vibaya siku mbili, halafu akajisikia vizuri, na huko kujisikia vizuri ndiko ninakomlaumu mpaka leo. Alikwenda akimweleza kila mtu, kwa sauti ya unyenyekevu yenye kifua mbele, kwamba hata mwenyekiti mwenyewe hakumtikisa.

Ndipo Mama Majoho akaugua.

Ilianza na tumbo. Spika akamwekea mikono, akamwambia amepona, amshukuru Mungu asiende hospitali. Akashukuru miezi mitatu. Alipokonda mpaka gauni likamzunguka mara mbili, akaenda hospitali, na wenzake wakasema ameonyesha mashaka. Halafu wenyewe kwa wenyewe wakagombana kuhusu nani ana roho zaidi, wakagawanyika nusu kwa nusu, Spika akahamia mji mwingine na vipaza sauti vyote. Ghala likawa la mtu wa saruji. Tangi la ubatizo likawekwa bomba, likauzwa. Kwa hiyo mwanamke yule alikuwa ametoka kanisa moja kwenda jingine, na hilo jingine likaondoka likamwacha amesimama.

Alikuwa amelala chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa karibu na cherehani kwa sababu alitaka aione. Mistari alifika kila alasiri na uji kwenye chupa ya chai.

"Nakuomba kitu kimoja," dada akamwambia. "Kimoja tu, wala si uji huu, uji wako ni wa kupachikia matangazo ukutani."

"Sema, dada."

"Pale kwa mama. Na kengele. Ziwe zote, sabini na moja, nisipunjwe hata moja. Nimezihesabu za watu wengine maisha yangu yote."

"Utapona."

"We mtoto, usinidanganye kama Spika. Hujui hata kudanganya, masikio yanakuwa mekundu."

Akamwendea mchungaji. Huyu alikuwa kijana, mgeni wa mwaka mmoja, mpole kama pamba na mwenye uimara uleule wa pamba.

"Mzee wangu," akasema, "inawezekana. Nije nyumbani na wazee wawili. Aseme tu kwamba ubatizo ule wa pili haukuwa kitu, na kwamba ametubu. Dakika tano."

Mistari karibu amkumbatie. Alitembea kwenda kwa dada yake kwa mwendo ambao hajaonekana nao tangu akiwa kijana, akigongana na watu na kuomba radhi huku akicheka.

Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Niseme haukuwa kitu?"

"Ni maneno tu, dada. Dakika tano."

"Yale maji ya kwanza nilikuwa kichanga, siyakumbuki. Hayo sibishani nayo, yapo. Lakini yale ya pili niliyaona. Mwanangu alikuwa amekufa, nikazama chini ya maji nikasikia kimya, nikatoka nikacheka. Tangu azikwe ndiyo mara moja niliyocheka. Sasa nije niwaambie wazee wawili haikuwa kitu? Na wewe uliyelelewa na 'maana yake nini', unaniambia ni maneno tu?"

"Basi sema kwa mdomo tu, moyoni..."

"Toka. Niachie uji, toka."

Alirudi kesho yake na keshokutwa. Aliomba, alikasirika, alipiga magoti, alimnunia. Siku ya tano dada hakuweza tena kusema sentensi ndefu. Alimshika kifungo cha shati, cha juu kabisa, akakivuta. "Moja," akasema. Kisha akakishika cha pili, akasinzia.

Siku hiyo, saa nane mchana, Mistari alifungua Kitabu cha Washarika.

Fikirini mtu huyo. Miaka thelathini na minane hajawahi hata kuzidisha kichwa kimoja. Alifunga mlango wa sakristia, ukafunguka, akauegemeza kiti. Alichukua ile kalamu aliyoiweka kando, akaona imekauka, akatafuta nyingine ya wino wa namna ile.

Ilibidi atafute Jumapili. Na hapa ndipo ujuzi wake ulipomtia shimoni, maana mtu wa kawaida angebuni tarehe yoyote tu. Karani wa kanisa hafikirii kwa tarehe. Kwake Jumapili ina jina, rangi na somo. Akaitafuta Jumapili inayomfaa dada yake kama mtu anayechagua kitambaa: miaka miwili nyuma, wakati wa yule mchungaji ambaye sasa ni marehemu na hawezi kuulizwa, Jumapili ya Matengenezo, madhabahu ikiwa imevaa kile chekundu cha wiki sita. Alimwona kabisa akisimama mbele. Alichukua kalenda ya kanisa iliyochapwa ya mwaka ule, akaipata Jumapili, rangi nyekundu, somo lipo, tarehe ipo. Akaweka rula. Safu ya saba: *amerudishwa*, na tarehe. Ile k ya Oktoba aliipa mguu mrefu.

Kitabu cha pili kilikuwa sentimita ishirini kutoka kiwiko chake. Mtu aliyekifungua kwa kila jambo dogo, siku hiyo hakukifungua. Jumapili zote zilikuwa kichwani mwake, alisema. Na kichwani mwake mnyororo ulikuwa wa majira ya kungojea Krismasi, ya zambarau, kwa sababu ulipotolewa ndipo walipowasha mshumaa wa kwanza na watu wakalia. Alikumbuka siku ya kutoka, akasahau wiki saba za kuwa nje.

Dada alifariki siku ya pili yake, saa tatu asubuhi. Mistari alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye cherehani, akaandika kikaratasi kama alivyoandika vingine mamia: jina, na chini yake 71. Mpiga kengele hakuwa mtu wa kuuliza. Kikaratasi kikiwa na mwandiko wa Mistari, kilikuwa kama kimeshuka mlimani na Musa.

Mistari alirudi akasimama mlangoni pa nyumba ya dada yake. Majirani walikuwa wameanza kuja. Kengele ikalia. Mtaa ukanyamaza. Fundi viatu akaacha nyundo.

Moja. Mbili. Alishika kifungo cha juu cha shati lake. Shati lina vifungo saba. Alishuka, akarudi juu, akashuka. Kumi na tano. Kumi na sita. Alianza kuhisi hata uso wake ukilegea. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Kimya.

Akasubiri. Mpiga kengele ni mzee, huenda amebadilisha mkono. Kidole kikabaki juu ya kifungo cha tano. Mtaani, muuza mkaa akatikisa kichwa, akasema kwa sauti, "Masikini. Kumi na tisa tu! Mtoto wa nani huyo?"

"Msichana ama mvulana?" akauliza mwingine.

Kengele haikulia tena.

Patasi alikuwa kwenye karakana yake alipoisikia. Aliuliza ni nani, akaambiwa. Aliacha randa juu ya ubao, akavuka barabara na aproni, akaishika kamba juu ya mikono ya mpiga kengele. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi, baba, pumzika," halafu akatuma aitwe mchungaji, na karani, na akamngojea karani katika sakristia, amesimama palepale aliposimama na kofia yake.

Kitabu kikubwa kilikuwa wazi.

"Amerudishwa," Patasi akasoma polepole. "Wewe umeandika?"

"Mimi."

"Sikumbuki Jumapili hiyo. Na mimi sikosi ibada. Baba Mchungaji, wewe hukuwepo bado." Akavuta kitabu chembamba, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akafunua. Mistari alijua sekunde hiyohiyo, kabla ukurasa haujafika. Nasikia rangi ilimtoka mpaka kwenye kucha.

Patasi akageuza kitabu ili mchungaji aone. Hakuna ibada. Mnyororo. Chini yake ile namba ya mviringo mzuri.

"Alirudishwa mbele ya nani, karani? Mbele ya sifuri?"

Mistari akaisogeza rula iwe sawa na ukingo wa meza.

"Nilikuja hapa," Patasi akasema. "Nikakwambia ni kaka yangu. Ulinijibu nini?"

"Mwenyekiti..."

"Sema asikie mchungaji."

"Nilikwambia kitabu si changu."

"Na leo ni cha nani?"

Mchungaji akajikohoza. "Wazee wangu, mama yuko ndani bado hajazikwa. Labda kwa huruma..."

"Huruma nilikuja kuiomba mimi," Patasi akasema. "Nikaambiwa haina safu." Na hapo, nasikia, mtu mnene yule alikaa kwenye kiti kilichoegemeza mlango, akafuta macho kwa aproni, vumbi la mbao likamwingia jichoni, akalia zaidi. "Dada yako alinishonea suti ya harusi. Unafikiri sitaki alale pale? Nikimruhusu yeye, yule wangu mbele ya machinjio nimwambie nini?"

Swali hilo hata mimi, ninayejibu kila mtu, linanishinda.

Mama Majoho alizikwa kesho yake makaburi ya manispaa. Machinjio yalikuwa kazini, kwa hiyo wimbo ulisikika nusu. Mchungaji alikuja kama jirani, bila joho. Majoho yote yaliyokuwa kabatini alikuwa ameyashona marehemu. Kijiti cha namba kilichomekwa kando ya kichwa, mia nne na sita. Mtu wa manispaa alikiandika kwa rangi ya mafuta na brashi, akapinda namba zote. Mistari aliangalia ule mwandiko muda mrefu.

Baraza likaketi juma lile. Kughushi Kitabu cha Washarika ni safu ya sita, wala halikuwa jambo la kujadili sana. Shida ilikuwa moja: nani aandike? Mchungaji alikuwa na mwandiko wa daktari. Patasi alijua namba na vipimo, herufi zilimpa jasho. Wazee wakaangaliana. Mwishowe mmoja akasema kwa aibu, "Si aandike mwenyewe tu, yeye ndiye anayejua inavyokaa."

Akaandika mwenyewe. Alifuta kwanza, kwa mstari mmoja wa rula usioziba neno, lile *amerudishwa* la dada yake, akaweka saini pembeni kama katiba inavyotaka. Safu ya nane akaijaza: amekufa, na tarehe. Kisha akapekua kurasa mpaka mstari wake. Jina, kwa mkono wa karani aliyemtangulia. Kuzaliwa. Kubatizwa. Kipaimara, alipopita kwa Katekisimo yote bila kukosea neno, dada amekaa benchi la mbele akitamka naye kwa midomo. Ndoa, tupu. Safu ya sita, akaweka rula.

Walimwambia ukitubu mbele ya usharika utarudishwa mwaka huuhuu. Alishukuru. Hakutubu. Alisema, na nadhani hiyo ndiyo sentensi pekee aliyowahi kuisema bila rula, kwamba hawezi kusimama mbele ya watu aseme anajuta kwa kumwandika dada yake, na hawezi pia kusimama aseme hajuti kwa kutomwandika kaka wa Patasi, kwa hiyo ataketi tu.

Na karani mwingine hawakumpata. Jumapili iliyofuata alikuwa mlangoni mwa sakristia kama kawaida, wimbo wa pili, vidole mfukoni. Madhabahu ilikuwa ya kijani. Waliposimama kwenda mezani kupokea Chakula cha Bwana, alibaki amesimama mahali pake, macho chini, watu wakimpita.

Baada ya ibada aliketi peke yake akafungua kitabu chembamba. Alihesabu tena kichwani, benchi kwa benchi, wake na waume. Wote pamoja naye walikuwa mia moja na kumi na watatu.

Akaandika mia moja na kumi na wawili, akafunga kitabu, akaondoa rula mezani akaitia ndani ya droo.